Nani Kamwambia?

Msimamizi hakuwa mtu wa kuandika maonyo. Alikuwa anapiga simu. Unakuwa kazini, kiwanda cha samaki, umejificha kidogo nyuma ya mapipa ya barafu, umetuma aya yako kwenye grupu na kuifurahia, na kabla hujairudisha simu mfukoni inaanza kutetemeka. Ukipokea unasikia kwanza draya ya saluni yake inavuma, halafu maji yanamwagika kwenye beseni, halafu mteja analalamika kwamba sikio linaungua. Mwisho ndipo inakuja sauti yake, nzito, ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.

"Kabula wako amejuaje kwamba mzee wa matanuri amerudi?"

"Si iliandikwa jana, Msimamizi? Alirudi jioni."

"Iliandikwa, na wewe ukasoma. Kabula jana alikuwa shambani anapalilia mihogo. Nani kamwambia?"

Nikachungulia juu ya mapipa kama bosi anakuja.

"Futa," anasema. "Ukipata nafasi, mtafutie mtu wa kumwambia."

Simu inakatwa.

Huo ulikuwa mchezo wetu wa kuigiza kwa maandishi. Tulikuwa tumebuni kisiwa ziwani, tukakiita Nabuhima, tukakipa mtemi, wavuvi, wezi na wachumba. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, na kwenye simu zetu tulijiandikisha kwa majina ya wahusika hao, kiasi kwamba wengine sikuwahi kuyajua majina yao halisi. Mmoja anaandika tendo moja, mwingine anajibu, hadithi inasogea. Kila kitu kilikuwa wazi, yeyote aliweza kusoma chochote, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Wewe uliyelala kitandani Mkolani unajua nani kaiba, nani anampenda nani na nani atauzwa kesho. Mhusika wako anajua tu alichokiona, alichokisikia, au alichoambiwa na mtu. Ukimwazima macho yako, mchezo umekufa. Kazi ya Msimamizi ilikuwa kulinda mpaka huo, na aliulinda miaka na miaka, bila malipo, huku anasuka.

Waanzilishi walikuwa wanachuo waliopanga vyumba nyuma ya saluni yake. Walimwingiza kwa utani. Walipohitimu wakatawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Bukoba, na yule aliyekuwa mkubwa wao akamwachia usimamizi kama mpangaji anavyoacha ndoo na ufagio. Yeye akaendelea.

Sasa mtazame mwanamke huyohuyo akiwa ameshika kitana. Pale Mkolani hapakuwa na siri iliyovuka mlango wa saluni ile ikatoka nzima. Uchumba wangu ulipovunjika nilimwambia yeye peke yake, ananiosha nywele, nimefumba macho kwa sababu ya povu. Nilipotoka, muuza chipsi wa barabarani alinipa pole. Nilirudi ndani nikiwa na taulo shingoni.

"Msimamizi, umemwambia hata muuza chipsi?"

"Sijamwambia yeye," akasema, wala hakuona haya. "Nilimwambia mama mwenye duka. Hapo katikati sijui palipita nini."

Nilimkasirikia wiki nzima, kisha nikarudi, kwa sababu alikuwa na mikono myepesi na hakuwa na chuki na mtu. Alisema mambo ya watu kama wengine wanavyokohoa. Wateja wake walimwita Msimamizi na wao, wakidhani anasimamia kikundi cha kuweka akiba, na hakuna aliyehangaika kuwaeleza. Lakini mdomo wake huo na ule ukali wake wa kwenye mchezo havikukaa pamoja kichwani mwangu. Siku moja nilimuuliza. Akanijibu kwamba watu wa Mkolani wana midomo ya kujitetea, lakini Kabula ana mimi tu, na mimi ni mvivu.

Aliyegombana naye zaidi ni mwalimu wa fizikia wa Misungwi, aliyekuwa anamwandika Mtemi. Wezi wawili walificha ngoma ya utemi ndani ya tanuri la kukaushia samaki. Kesho yake mwalimu akaandika kwamba Mtemi aliamka alfajiri, akatembea moja kwa moja hadi kwenye matanuri, akainama, akaitoa. Msimamizi alifuta yote. Mwalimu akaja juu mbele ya grupu zima.

"Mtemi ni mtu mkubwa. Machale yalimcheza."

Safari hiyo Msimamizi alijibu kwa ujumbe wa sauti, na mkasi unasikika: "Mwalimu, machale yanacheza, lakini hayataji nyumba. Rudi ukalale, uamke tena."

Mtemi aliitafuta ngoma yake msimu mzima. Alimshuku mke wake, akamfukuza mpwa wake asiye na hatia, na ilipopatikana tulilia kweli. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba haikuwahi kutokea hadithi nzuri kama ile pale kisiwani, ingawa aliendelea kununa.

Msimamizi hakuandika kumbukumbu popote. Alikuwa nayo yote kichwani: nani alikuwa jikoni wakati nani anagombana uani, upepo ulikuwa unavuma kuelekea wapi, na kwa hiyo sauti ilifika au haikufika. Na yeye alikuwa na mhusika mmoja tu, mlinzi wa lango, mtu mwema na mzito wa kuelewa. Mlinzi huyo alikuwa na rafiki aliyeshirikiana na wezi, na sote tulijua kwamba rafiki huyo atamsingizia yeye. Ilikuwa imeandikwa, imepangwa, bado siku tu. Kila jioni Msimamizi aliandika mlinzi akimgawia rafiki yake nusu ya sato wake, akichagua kipande chenye mafuta, akicheka vichekesho vyake. Hakuna hata jioni moja ambapo mlinzi alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Unawezaje?" nilimuuliza, nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, ananisuka.

"Inachosha," akasema. "Kujua na kutojua kwa pamoja. Afadhali nisuke rasta vichwa vitatu." Kisha akaniinamisha kichwa kwa nguvu ili nisimtazame.

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyelegezewa kamba. Alikuwa kijana fundi wa injini za mitumbwi, kwao Bujora, amepanga huku mjini. Msimamizi alimfahamu kwa sababu ndiye aliyekuwa anakuja kumtengenezea jenereta. Mhusika wake aliitwa Maduhu, mchumba wa Kabula wangu. Aliandika vizuri kuliko sisi sote, maneno machache, hayana mapambo. Lakini alikuwa anapotea. Katikati ya tukio kubwa, Maduhu anaambiwa aende ng'ambo kutafuta ng'ombe wa mahari, na harudi mpaka wiki mbili au tatu zipite. Wengine tulipokaa kimya siku chache tulipigiwa simu. Yeye hakuulizwa. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa anaandika: "Maduhu amevuka. Upepo bado haumruhusu kurudi."

"Huyu ng'ombe gani wa kununuliwa kila mwezi?" mwalimu aliuliza. "Au kuna wachezaji wa kiti cha mbele hapa?"

"Mwalimu, ziwa ni kubwa," Msimamizi alijibu, na hakuongeza kitu. Wengi walinong'ona kwamba anampendelea. Yeye, ambaye angeweza kuwanyamazisha wote kwa sentensi moja, aliacha wanong'one.

Halafu asubuhi moja aliandika, na tulijua kuna jambo kwa sababu ameandika. "Ndugu zangu, aliyekuwa anamwandika Maduhu amefariki jana hospitali. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Mazishi ni kwao Bujora. Anayeweza aje."

Tulikwenda wachache. Ndiyo mara ya kwanza wengi wetu kuonana sura. Tulisimama kando ya migomba, tumevaa vizuri, hatujui tuitane nani. Mwalimu, mtu mnene mwenye sauti laini kuliko nilivyotarajia, alikuja na mke wake, akanitambulisha kwake: "Huyu ndiye Kabula." Kisha akaona aibu, akatazama viatu vyake. Mama wa marehemu alipita akisalimia wageni, akatuuliza tunatoka ofisi gani. Msimamizi akamshika mikono, akasema sisi ni rafiki za marehemu wa kwenye simu. Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mbali sana siku ile, nadhani hata tungesema tumetoka mwezini angeitikia.

Baada ya wiki mbili mwalimu akapendekeza, kwa heshima, kwamba mtumbwi wa Maduhu uzame. Kisiwa kimlilie, tumwage machozi yetu, tuendelee. Karibu wote walikubali. Na mimi nilikubali.

"Nani kauona unazama?" Msimamizi akauliza.

"Msimamizi, tafadhali."

"Kwa watu wa Nabuhima, Maduhu amevuka kwenda kutafuta ng'ombe. Hakuna aliyekuja kusema vingine. Hawajui."

Kwa hiyo tuliendelea, na sijui niueleze vipi uchovu wa miezi ile. Nilikuwa natoka kiwandani, mikono inanuka sangara hata baada ya sabuni, nakaa kitandani, na inanibidi niandike msichana mwenye tumaini. Kabula anafagia uwanja kwa sababu mchumba anaweza kuja leo. Kabula anashuka ufukweni, anahesabu mitumbwi inayoingia, anaita: "Maduhu, maji yametulia leo, utavuka?" Tulikuwa na desturi ya kumtaja kwenye ujumbe mhusika unayesema naye, simu ya mwenyewe ilie, hivyo nilimtaja. Mlinzi wa lango naye akamwambia Kabula asijali, upepo utageuka. Msimamizi aliyaandika hayo bila kutetereka, na mimi nikawa namchukia kila niliposoma. Wachezaji wakaanza kupungua, mmoja mmoja, bila kuaga.

Nilimfuata saluni. Hapakuwa na mteja. Alikuwa ameweka miguu juu ya kiti cha pili, imevimba.

"Muue tu," nikamwambia. "Unatutesa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alikuwa anaokota nywele kwenye brashi, kidogokidogo. "Kuna mtu lazima afike kwako akwambie. Nimejaribu kumwandika. Mvuvi, mara mganga, mara mtoto wa kufikia wa mganga. Akifika mlangoni kwako nafuta." Akaitupa brashi kwenye beseni. "Sina mdomo wa kukwambia, Kabula."

Sikumcheka, ingawa mtaa mzima ungecheka kusikia hayo kwake.

Jumamosi moja alinipigia. Draya haikuwa inavuma. "Njoo saluni sasa hivi," akasema. "Usiulize."

Nilimkuta mama wa marehemu amekaa kwenye kiti cha kuoshea, kiti pekee chenye mto, na mfuko wa matobolwa miguuni, viazi vikavu vya kwao. Nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama vizuri. "Wewe si ulikuja kwenye mazishi?"

"Nilikuja."

Akamgeukia Msimamizi, amechanganyikiwa. "Nilisema niitiwe yule binti. Huyu alikuwepo."

Ndipo nikaiona simu mikononi mwa mama, ya mwanawe, kioo kimepasuka pembeni. Hakuwahi kuizima. Alikuwa anaichaji kila siku, kwa sababu rafiki za marehemu walikuwa wanaendelea kutuma salamu za pole, na mjukuu alikuwa anamsomea. Salamu ziliisha. Lakini palikuwa na mmoja ambaye hakukoma. Binti anaitwa Kabula. Anamwandikia mwanawe, kwa hilo jina la Maduhu lililo kwenye simu, kwamba maji yametulia. Anamuuliza atavuka lini.

"Nikasema huyu hajaambiwa," mama akasema. "Mwanangu alikuwa na mchumba, hakuniambia, na huyo mtoto wa watu yuko mahali anangoja. Nimeshindwa kulala. Nikasema jambo hili siyo la simu, niende mwenyewe kwa huyu wa saluni, atakuwa anamjua."

Nilikaa chini, sakafuni kwenye nywele za watu. Msimamizi ndiye aliyeeleza, polepole, kwa Kisukuma alipoona Kiswahili hakitoshi. Alimweleza kisiwa, wahusika, na kwamba huyu hapa ndiye anayemwandika Kabula, na Kabula si mtu. Nilingoja mama akasirike. Alikuwa na haki. Tulikuwa tumemtuma kutoka Bujora kuja kumfariji msichana ambaye hayupo.

Mama akawa anaifuta simu kwa kanga.

"Na mwanangu ndiye alikuwa anamwandika huyo mchumba wake?"

"Ndiye."

"Alikuwa anaandika vizuri?"

"Kuliko sisi wote, mama," nikasema.

"Hata akiwa hospitali?"

"Akiwa hospitali tulisema amesafiri," Msimamizi akajibu. "Aliniomba hivyo. Hakutaka wamwonee huruma."

Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza swali ambalo sisi, pamoja na ujanja wetu wote, hatukulitarajia. "Kwa hiyo huko kisiwani, huyo Kabula bado hajui?"

"Hajui."

"Na bado anangoja."

"Anangoja, mama."

"Hapana," akasema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kungojesha watu. Aambiwe leo. Nitamwambia mimi."

Msimamizi alichukua simu yake. Mikono yake, ile iliyokuwa inasuka huku anaongea na watu watatu, ilikuwa inatafuta herufi. Aliandika alivyoambiwa, neno kwa neno. Kwamba mwanamke mzima ameshuka kwenye mtumbwi, hakuna anayemjua hapa, ameuliza kwa Kabula ni wapi. Kwamba amefika uwanjani, amekaribishwa kigoda, amekataa kukaa. "Sema kwanza nimsalimie," mama akasema. "Usiniingize kama polisi." Msimamizi akaandika kwa Kisukuma: mwangaluka, ng'wana wane, umeamkaje, mwanangu. Halafu mama akasema, akimtazama Msimamizi na si mimi, na alichosema hakikuwa cha kubuni. Kwamba mwanawe alikunywa uji kidogo siku ile ya mwisho, akasema una sukari nyingi. Kwamba aliomba wamgeuzie kitanda aone nje. Kwamba maumivu yaliachia mchana, wakadhani amepona, naye mama akatoka kwenda kufua shuka, na aliporudi amelala, na hakuwa amelala. "Mwambie hakuwa peke yake," akasema. "Dada yake alikuwepo. Mwambie asihesabu tena mitumbwi."

Simu yangu ililia mapajani. Nikausoma ule ujumbe hali nilikuwa nimeusikia wote. Zamu ilikuwa yangu. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nilijaribu kilio, nikafuta. Nilijaribu swali, nikafuta. Mwisho niliandika kwamba Kabula aliingia ndani, akatoka na maji kwenye beseni, akapiga magoti, akamwosha mgeni miguu, maana ametoka mbali.

Msimamizi akamsomea. Mama alifumba macho.

"Ameelewa," akasema.

Kisiwa kilikaa msiba. Waliokuwa wameondoka walirudi kwa siku zile, hata mwanachuo wa Bukoba. Mwalimu akaandika Mtemi anavua kofia yake mbele ya watu, jambo ambalo Mtemi hajawahi kulifanya. Baada ya hapo grupu likanyamaza, si kwa ugomvi. Hakuna aliyelifunga.

Saluni ilifungwa mwaka uliofuata. Miguu ilimkataa. Akahamia kwa binti yake Misungwi, na mimi nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda, mpaka mwezi uliopita nilipotumwa na kazi upande ule, nikauliza mpaka nikafika.

Nilimkuta barazani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Amekonda usoni. Alinitazama, akasema, "Karibu, umenenepa, umeolewa na mtu wa kiwandani kwenu, na mkwe wako hakutaki." Yote yalikuwa kweli. Sikuuliza yamemfikiaje. Alinipa habari za majirani wote waliopita barabarani, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini, na nikacheka kama zamani.

Kisha akasema mikono siku hizi haipandi juu ya mabega, na rasta alizosukwa na binti yake zimekaa mno, zinawasha. Nikaenda nyuma yake, nikaketi juu kidogo, akaegemea magoti yangu. Nikaanza kufumua.

"Msimamizi," nikasema, kwa kuwa hakuwa ananiona, "yule kijana alikwambia lini kwamba anaumwa?"

"Siku ya kwanza. Alikuja kwenye jenereta, maumivu yakamshika palepale. Nikamlaza kwenye benchi la wateja."

"Na hukumwambia mtu. Miaka yote ile. Wewe."

Akachezesha vidole vya miguu ndani ya beseni.

"Watu wote wakiniambia jambo wanamalizia na 'usimwambie mtu'," akasema. "Mtu akisema hivyo, ameshaanza kulitembeza yeye mwenyewe, mimi nasaidia tu. Yule hakusema. Aliniambia, akakaa kitako, akaniuliza kama nina bisibisi ndogo." Akavuta pumzi. "Ningempelekea nani?"

Niliendelea kufumua. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuanzia kwenye mizizi, laini kama za mtoto. Kichwa chake kikazidi kuwa kizito kwenye goti langu, maneno yakakatika katikati ya habari ya jirani mmoja na mbuzi wake, na nikajua amelala. Mguu ulikuwa umeniingia ganzi. Nilimaliza upande wa kushoto, nikahamia wa kulia, nikivuta kidogokidogo asiamke.